Glavu Inayopumua

2 Februari

Bibie,

Simu zangu hupokei, basi naandika. Nitakuwa mfupi, kwa sababu mimi, tofauti na kazi yako, sipendi kuchelewesha watu.

Kama unavyojua, au kama ulivyojua kabla hujajifungia huko nyumbani, kiini cha mfumo wetu ndicho kinachoendesha kila mashine ya kupumulia ambayo kampuni imeuza. Ndani ya kiini hicho, sehemu inayogawa kumbukumbu uliiandika wewe, enzi zile tukiwa bado tunagawana meza na mto. Programu yoyote ikitaka nafasi ya kufanyia kazi, inakuja kuiomba kwenye sehemu yako. Nayo inafanya nini? Inakuna kichwa. Inapima, inalinganisha, inaweka akiba, inawaza ya kesho. Nikiitazama nakuona wewe mwenyewe ukichagua nyanya sokoni.

Nimeiandika upya. Yangu haichagui: ikiombwa nafasi inakata kipande cha karibu, inatoa, inaendelea na shughuli. Kasi imepanda karibu maradufu. Wakurugenzi wameiona, wamefurahi mno. Kilichobaki ni utaratibu tu. Mabadiliko ya kumbukumbu hayatoki bila sahihi mbili, moja ya aliyeandika kipya, nyingine ya mwenye sehemu iliyobadilishwa. Mwenye sehemu ni wewe. Weka sahihi, toleo litoke mosi Machi, liingie kwa mtandao kwenye kila mashine, pamoja na ile niliyomtumia mama. Na yeye afaidi.

Najua utanuna. Nuna, lakini saini kwanza.

Mkuu wa Kitengo


4 Februari

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo,

Hongera kwa cheo. Naona umeanza kukitumia hata kwa mtu anayejua unavyokoroma.

Nimeisoma kazi yako yote, mstari kwa mstari. Mwanzoni nilidhani nimefungua faili la mtu mwingine, mwanafunzi labda. Sisaini.

Nitakueleza kwa lugha nyepesi, maana naona siku hizi unawaandikia wakurugenzi. Chukua chumba cha kusubiri cha kliniki, kina benchi moja refu. Watu wanaingia mmojammoja, kila mtu anakaa popote palipo karibu naye. Wengine wanaitwa ndani, wanaacha mapengo. Baada ya muda nusu ya benchi ni tupu, lakini pengo hapa, pengo pale. Mara analetwa mgonjwa hajiwezi, anatakiwa alazwe. Nafasi ipo tele na hakuna pa kumlaza. Hiyo ndiyo kazi yako, Mheshimiwa. Mimi wa kukaa niliwawekea upande wao na wa kulala upande wao, na hiyo ndiyo unayoiita kukuna kichwa.

Utaniuliza mbona majaribio yako yote yamepita. Yamepita kwa sababu ulipopewa cheo jambo la kwanza ulilofanya ni kuweka ile sheria ya Ijumaa: jioni kila kitu maabara kinazimwa, mpaka friji, ili bili ya umeme ipungue na wewe usifiwe. Mashine ikizimwa, benchi linafagiwa. Jumatatu linaanza tupu. Kwenye maabara yako hakuna mashine iliyowahi kuzeeka. Unawapima watoto wachanga halafu unatangaza kwamba binadamu hawaumwi mgongo.

Hii ya mama haijazimwa tangu ifike. Unakumbuka ilifika na nani? Na dereva. Ulimtumia mama yako mashine na dereva, ukaniachia mimi, mtalaka wako, nisome maelekezo. Yeye ndiye aliyekataa kuhama na wewe, mimi sikuona sababu ya kumfukuza, basi tunaishi. Anavua barakoa kwa vijiko vichache vya supu, anairudisha. Hiyo ndiyo likizo yake. Wagonjwa wengine wenye mashine zetu ni hivyohivyo.

Mtunza Kumbukumbu


9 Februari

Bibie,

Nilikuomba sahihi, umeniletea benchi.

Hebu tuseme ukweli. Tatizo lako si mapengo. Tatizo lako ni kwamba nimegusa kitu chako. Ndivyo ulivyokuwa hata nyumbani: sufuria likihamishwa rafu, wiki nzima hatusemeshani. Sasa hukupata sufuria, umepata kiini.

Na hiyo hoja yako kubwa ya uzee, kwamba mashine zinakaa miezi bila kuzimwa, huo ni uzembe wa wenye mashine. Kila kitu duniani huzimwa. Wawe wanazima.

Nikufahamishe pia kwamba utaratibu nimeusoma vizuri kuliko wewe. Unataka sahihi ya mwenye sehemu iliyobadilishwa. Mimi sehemu yako sijaibadilisha, nimeifuta. Kilichofutwa hakina mwenyewe, kwa hiyo sahihi ya pili inaweza kuwa ya mtu yeyote wa kitengo. Mpole, yule wa dawati la dirishani, ameshasaini. Alichukua muda mfupi kuliko wewe kufungua bahasha.

Toleo linatoka mosi Machi kama nilivyosema. Mwambie mama asiguseguse vitufe.

Mkuu wa Kitengo


11 Februari

Mheshimiwa,

Mpole! Mpelekee karatasi inayosema jua ni mali ya kampuni, atauliza tu asaini wapi.

"Wawe wanazima." Hayo maneno yako sikumsomea mama. Ana mapafu mabovu, sikutaka kumwongezea aibu.

Nimefanya mambo mawili, na nakuandikia usije ukasema hukuambiwa. La kwanza, waya wa mtandao wa mashine ya mama nimeuchomoa. Toleo lako halitaingia chumba kile maadamu mimi nina mikono. La pili, tuna mashine ya akiba tuliyopewa na kliniki, hiyo nimeipakia toleo lako. Haina mtu wa kumpumulisha, basi nimeifunga glavu ya mpira ya kuoshea vyombo kwenye mdomo wa bomba, nikaiweka juu ya rafu mkabala na kitanda. Inajaa, inanywea, inajaa. Vidole vinasimama kama vya mtu anayeapa mahakamani. Mama ameshaipa jina. Anaiita Mkuu wa Kitengo. Anasema angalau huyu hatoki nyumbani.

Sitaizima Ijumaa wala siku nyingine yoyote. Itazeeka kama mashine za watu zinavyozeeka.

Mama yako nimemchomolea waya. Mama za wenzako nani atawachomolea?

Mtunza Kumbukumbu


3 Machi

Bibie,

Toleo limetoka, na dunia, kama unavyoona dirishani, bado ipo.

Wakurugenzi walipiga makofi wakiwa wamesimama. Mmoja aliniuliza ni nani aliyeandika ile ya zamani iliyokuwa inajikokota hivyo. Nikamwambia ni mtu aliyekwisha pumzika. Kuanzia mwezi ujao ninatajwa kuwa mkurugenzi wa ufundi, ukitaka kunitumia salamu za pongezi nitazipokea. Jina lako nimeliondoa kwenye orodha ya watunzaji wa kiini, kwa kuwa huna tena unachokitunza. Mshahara utaendelea mpaka tukupatie kitu chepesi, labda kuandika vitabu vya maelekezo. Unapenda kueleza.

Glavu bado inapunga? Ipe mkono, uiambie imesalimiwa.

Mkuu wa Kitengo


22 Machi

Glavu imesimama.

Ilikuwa asubuhi, nikiwa jikoni napasha maziwa. Mama ndiye aliyeniita, kwa kugonga kijiko kwenye glasi, kwa sababu mashine yenyewe haikuita. Nilipoingia, glavu ilikuwa imelala ubavu juu ya rafu, vidole vimening'inia.

Kabla sijagusa kitu nilifungua nikaangalia ndani. Theluthi nzima ya kumbukumbu ilikuwa tupu. Theluthi, na imekatwakatwa makombo. Programu ya pumzi iliomba kipande kimoja kilichoungana, wala si kikubwa, ikaambiwa hakuna. Ikasubiri. Kengele ya hatari ikataka kuamka ipige kelele. Lakini kengele nayo, ili ilie, lazima ipate nafasi. Ikaomba, ikanyimwa. Zikakaa humo ndani zinasubiriana, kimya, na taa ya kijani inawaka kama kawaida. Anayepita mlangoni angesema kila kitu kiko shwari.

Nilidhani siku hii ikifika nitacheka. Nilikuwa nimekuandalia maneno, mengine matamu sana. Badala yake nilikaa pembeni ya kitanda cha mama, na maziwa yakaungua mpaka nyumba ikanuka. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo kwa sababu ya kitu kilichoandikwa na mtu ninayemjua.

Yangu ilipata toleo lako Februari kumi na moja. Za watu zilipata mosi Machi. Piga hesabu mwenyewe zitaanza kusimama lini, ulikuwa hodari wa hesabu kabla hujawa hodari wa hotuba. Nimekuambatishia yote niliyoyaona ndani.

Ondoa toleo hilo. Leo, si kesho.

Mtunza Kumbukumbu, ambaye ulimfuta


24 Machi

Bibie,

Nimepokea. Nimekaa na watu wangu tukarudia jaribio lako kwa kuiga uzee wa mashine, na lazima nikiri kuna ukweli wa kiasi fulani katika usemayo.

Lakini wewe siku zote ukiona moshi unataka kubomoa nyumba. Kuondoa toleo ni kusimama mbele ya walewale walionipigia makofi niwaambie wakae chini. Hujawahi kuwa na cheo, hujui bei yake. Mimi nimepata njia ya kiutu uzima. Mashine ikizimwa, umesema mwenyewe, benchi linafagiwa. Basi kila mwenye mashine ameandikiwa waraka rasmi wa kampuni: azime mashine yake kila Ijumaa kwa nusu saa, kwa ajili ya usafi wa mfumo. Hospitali zina mashine za akiba, na wa majumbani watajipanga. Waraka umeshaanza kusambazwa leo.

Tatizo limekwisha, na hakuna aliyefedheheka. Unaona jinsi mambo yanavyokuwa mepesi mtu akitulia?

Mkuu wa Kitengo


30 Machi

Kitindamimba wangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kidogokidogo, kwa hiyo vumilia herufi zilizolala.

Nimeupata waraka wako. Umeletwa na mtu wa pikipiki, una muhuri, una jina langu kamili lile la kwenye kitambulisho. Sijapata kupokea kutoka kwako barua yenye heshima kiasi hicho. Unaniagiza, mimi na wenye mashine wenzangu, kwamba kila Ijumaa tusipumue kwa nusu saa. Kwa ajili ya usafi.

Nilitaka kujua mwanangu ananiomba kitu gani hasa. Ijumaa nikamtuma mkwe wangu dukani, nikazima mashine, nikavua barakoa, nikasikiliza redio. Walikuwa wanasoma matangazo ya biashara. La kwanza la sabuni nililisikia lote. La pili sijui lilikuwa la nini. Mkwe wangu alirudi mapema kwa sababu alisahau mkoba, akanikuta vidole vimegeuka rangi, akanitukana matusi ambayo sikujua kama anayajua, huku ananifunga barakoa na analia. Mimi namwita mkwe mpaka leo. Talaka ile ilikuwa yenu, mimi sikusaini popote.

Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu mimi nina mtu wa kusahau mkoba. Wapo wazee wenzangu wanaokaa peke yao, na watatii, kwa sababu waraka una muhuri na umeandikwa na msomi.

Wewe tangu mdogo ukivunja kitu ulikuwa unasukuma vipande chini ya kabati kwa mguu, halafu unakaa na kitabu chako kama malaika. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa nasubiri ulale, napiga magoti, naviokota kimoja kimoja ili baba yako asijue. Nadhani ndiyo maana mpaka leo hujui vipande vinakwenda wapi. Sasa nimezeeka, mwanangu, siwezi kuinama. Vipande hivi okota mwenyewe.

Mama yako


31 Machi

Mtunza Kumbukumbu,

Nimewaambia wakurugenzi. Asubuhi hii, wote, mezani. Nilianza kwa maneno ya kuzungukazunguka nikajisikia mwenyewe, nikaacha. Nikawaambia nimefuta kazi nzuri kwa sababu sikuielewa, na kwamba nilipoelewa nilificha. Hakuna aliyepiga makofi. Suala la ukurugenzi limekwisha, na sijui hata hii kazi niliyonayo kama ninayo.

Waraka umefutwa. Hatukutuma waraka mwingine wa kuufuta, tumepiga simu nyumba kwa nyumba, na mimi nimepiga zangu kwa mdomo wangu. Mzee mmoja aliniambia Ijumaa alizima kama alivyoagizwa, na jirani aliyekuja kuazima ngazi ndiye aliyemkuta sakafuni. Yuko hai. Alinishukuru kwa kumpigia. Alinishukuru, unanielewa? Nilikata simu nikashindwa kupiga inayofuata kwa muda mrefu.

Toleo langu naliondoa. Lakini kurudisha sehemu yako ni kukurudisha na wewe mwenyewe, na utaratibu unataka sahihi yako. Mpole alijitolea kusaini, nikamkatalia. Kwa hiyo nakuomba. Mashine zilizoko nje hazina wiki mbili.

Nina swali jingine la kazi, ukipata nafasi: je, kasi yote ipotee, au kuna namna? Na mama anaendeleaje?

Mimi


2 Aprili

Mheshimiwa,

Sahihi yangu niliiweka jana kabla sijamaliza kusoma barua yako. Niliiweka kwa ajili ya mzee wa ngazi na wenzake, usije ukadhani nimelainika. Tangu asubuhi naona mashine zinarudi kwenye mpango wa zamani moja baada ya nyingine. Zinajikokota, kama ulivyokuwa unasema. Zijikokote.

Umeuliza mama anaendeleaje. Nimerudi nikazipitia barua zako zote, na hii ndiyo ya kwanza kuuliza. Umeuliza mwishoni, baada ya swali la kazi, lakini umeuliza. Anapumua. Amepoteza hamu ya supu na amepata hamu ya kukusema.

Swali la kazi nalijibu kwa sababu ni la maana. Ile namna yako ya kutafuta kipande haraka ni nzuri. Nimeshasema, sitarudia, na ukinukuu nitakana. Nimeichukua nikaiweka juu ya mpangilio wangu: vipande vidogo na upande wao, vikubwa na upande wao, na ndani ya kila upande mbio zako. Halafu kengele nimeitengea kipande chake tangu mashine inapowashwa, hakiazimwi na programu yoyote hata yote mengine yakiisha. Hilo la kengele hata mimi sikuwahi kuliwaza mpaka mama alipogonga glasi.

Mezani inafanya kazi vizuri. Lakini mezani hata yako ilifanya kazi vizuri. Sasa lazima izeeke ndipo niiamini, na mashine pekee ambayo haizimwi na tunaweza kuichezea ni hii ya glavu. Kengele yenyewe ndiyo inayojaribiwa, kwa hiyo huwezi kukaa ofisini ukasubiri ilie. Anatakiwa mtu wa kuitazama glavu kwa macho yake, wiki baada ya wiki, mpaka ivuke pale ilipoangukia. Mimi yako nilishaitazama zaidi ya mwezi, nikiwa nakatakata vitunguu, nikiwa namsugua mama mgongo, nikiwa sina hamu hata kidogo ya kukuona unapumua juu ya rafu yangu. Zamu yako. Nitakupokea usiku tu, ulale.

Usije na dereva. Usimtume Mpole. Glavu mpya nimenunua, ya njano.

Mama anasema ulete matandiko yako, kiti kipo, kile kigumu cha jikoni, na Ijumaa hutoki.

Mtunza Kumbukumbu